Hesabu ya Kiangazi

Kuze, Mombasa
Ijumaa, 11 Rajab 1385

Kwa mwanangu Taib, huko Misri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu zangu zikukute umeshiba, umelala vyema, na baridi ya huko haijakuingia kifuani. Sisi huku, kwa uwezo wa Mola, tu wazima wa viungo. Mke wangu Khairiya mguu umepungua uvimbe. Mimi ami yako ndivyo unijuavyo: nywele zimeanza kuniaga lakini sauti iko palepale, nikikohoa Kuze husikiwa Kizingo, na Wazungu waliobaki huko hufunga madirisha.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nikampelekea Mwalimu Badawi anifungulie yale maneno makubwa, kwa kuwa wajua mimi chuoni nilifika Juzuu Amma, na shuleni darasa la tatu, kisha dunia ikanihitaji. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni lile la mwalimu wenu na haki za watu. La pili, mbona mama yako wa ziwa, Bi Mwanabaraka, hajakujibu barua zako mbili.

Nitaanza na la pili, halafu utaona kwamba yote ni jambo moja. Bi Mwanabaraka amefariki, Taib. Tulimzika Ijumaa tatu zilizopita. Kaa kitako kwanza, usome taratibu. Najua ndiye aliyekutia kifuani siku mamako alipofariki kitandani kwa kukuzaa, ukanyonya kwake miaka miwili, na kwamba huna mama mwingine. Watu watakuandikia, maana huku kila mwenye kalamu ana ulimi. Nataka ulisikie kwangu, vile lilivyokwenda, kwa sababu ndani yake mna jina langu.

Sasa niingie katika lile la mwalimu wenu. Umeandika amewaambia kwamba moshi wa viwanda unaipasha dunia joto kama sufuria iliyofunikwa, na ipo siku mvua zitahama, bahari itapanda, maji matamu yawe haba, na hapo vitabu vya haki vitabidi viandikwe upya, maana viliandikwa na watu walioshiba maji. Tena akawauliza: mtu atakayezaliwa miaka mia ijayo ni jirani yako, au si jirani yako? Nawe ukataka kujua mimi naonaje. Umefanya vyema kuniuliza. Waliosoma hungoja jambo litokee ndipo waliandikie kitabu. Mimi jambo limetokea uani kwangu, na nimeliandikia sheria kwa chokaa.

Masika ya mwaka huu yalikuja kama mgeni mwenye haraka, yakabisha, hayakuketi. Kufika mwezi wa nane bomba la mtaa likawa latoa pumzi tu, ukilifungua lakohoa. Na joto! Wallahi nimeona kwa macho yangu kunguru wakienda sokoni kwa miguu, wamekunja mbawa nyuma kama makarani. Mjusi mmoja alikuwa akiruka kutoka kivuli cha mtu hadi kivuli cha mtu, alinifuata mimi mpaka mlango wa msikiti. Usicheke. Muulize yeyote.

Visima vya watu vikageuka chumvi kimoja baada ya kimoja, bahari ikiingia chini kwa chini. Kikabaki chetu. Unakikumbuka, hapo uani, alichokiweka wakfu mamake babu yangu, na jiwe lake lililoandikwa maneno mawili tu: Kwa Jirani. Kamba ni yangu, ufunguo wa uani ni wangu. Nilikipima siku saba mimi mwenyewe. Kilitoa madebe arobaini kwa siku. Baada ya debe la arobaini ndoo hupanda na tope, na ukilazimisha, chumvi huingia na kisima kinakufa. Siku ya nane nikaamka na watu mia na zaidi mlangoni, wengine kutoka Majengo na ndoo vichwani, kila mmoja ananiita jirani. Hata watu ambao hawajapata kuniamkia tangu nizaliwe.

Ndipo akili ya ami yako ilipofanya kazi. Nikakumbuka la chuoni, kwamba jirani ni nyumba arobaini. Madebe arobaini, nyumba arobaini! Nani mwingine angeliliona hilo? Nikaita watu barazani kwangu baada ya alasiri, nikawatangazia kwamba kuanzia kesho jirani ni yule mwenye mlango ndani ya nyumba arobaini kuanzia kwangu. Kila mlango debe moja. Atakayemmegea aliye nje, naye atatoka nje.

Mwalimu Badawi akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimesahau maneno mawili. Ni nyumba arobaini kila upande, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na waliotuachia mafunzo hayo walitaka tuchoke kuhesabu. Nikamjibu kwa sauti, watu wapate faida, kwamba hiyo Mwalimu ni hesabu ya masika. Mvua ikiwa nyingi ujirani hurefuka hadi Majengo, na jua likiwaka hufupika kama kivuli cha adhuhuri. Kisha Kutbuddin, yule mwenye duka la kufuli na misumari, akapiga paja lake akasema barabar, Faraj bhai, barabar, huyu angekuwa jaji. Wote wakacheka, wakaafiki. Mwalimu alitazama viatu vyake. Nyumba yake ni ya mwisho mwisho, na nadhani alikuwa akihesabu kimoyomoyo.

Asubuhi yake nikachukua kopo la chokaa na brashi, nikaandika nambari mlango kwa mlango. Moja kwangu, nikashuka na barabara, nikapinda kwa Kutbuddin akawa wa kumi na mbili, nikaingia kichochoro cha nyuma ambako wanawake hupitia, nikatokea upande wa pili. Mwalimu Badawi akapata thelathini na tisa. Arobaini akapata fundi cherehani. Na baada ya fundi, mlango wa mwisho kabisa wa mtaa wetu, ule wa rangi ya kijani iliyobabuka, ni wa Bi Mwanabaraka. Brashi ikasimama hapo. Nikamwambia ni majaaliwa, wewe umeangukia arobaini na moja. Alikuwa kibarazani ameshika kofia ya viua, anashona. Hakuinua uso. Aliniuliza tu kama nina hakika, nami nikamwambia nambari hazina upendeleo.

Sasa hapa ndipo ninapomjibu mwalimu wako. Mwenye haki ni mwenye mlango. Huyo wa miaka mia ijayo hana mlango, basi hana debe. Mwandikie hivyo, mwambie ni kauli ya Faraj bin Athman wa Kuze. Jambo hili nililijaribu, si la kubuni. Tulikuwa na Ngumbao, yule Mgiriama aliyekuwa akituvutia maji, analala barazani kwa Kutbuddin. Siku ya kwanza ya sheria alivuta madebe arobaini, akamaliza, akaweka kopo lake chini. Nikamwambia baraza si mlango. Akaniuliza kama yeye basi ni hewa. Nikasema kwa hesabu ndiyo, ni hewa. Akaitazama mikono yake akasema, bwana, hewa gani hii inayovuta kamba? Watu walicheka hata Kutbuddin akakaa chini. Jibu zuri, lakini jibu halinywewi. Basi akawa kila jioni anaikamua ile kamba kwenye kopo, tone tone, na hicho ndicho kilichokuwa chake.

Siku ya tatu Bi Mwanabaraka akaja. Alikuja alasiri, watu wote wako barazani, amevaa buibui lake jipya kama aendaye harusini. Alisimama, hakukaa. Alisema, Faraj, hiyo kofia uliyovaa nimeishona mimi. Ina matobo elfu moja mia mbili na sita, na likizidi moja ua halikai sawa. Miaka thelathini nahesabu matobo, sijakosea. Nimehesabu na mtaa huu. Nyumba ni arobaini, pamoja na yangu. Wewe umejihesabu mara mbili, mlango wa mbele moja, na mlango wa jikoni kwako ishirini na tatu.

Mtu mmoja akataka kucheka, akajizuia. Wote wakanitazama mimi. Taib, wewe hujapata kutazamwa na mtaa mzima. Nikainuka nikamwambia Bi Mwanabaraka, kiu imekupanda kichwani, nenda kalale. Nikasema mwanamke asimsomeshe mwanamume hesabu za mitaa, kofia ni kofia. Nikawauliza waliokuwepo kama kuna anayetaka nianze kuhesabu upya, na ikiwa nitaanza upya, nani ana hakika atabaki ndani? Nikawazungukia mmoja mmoja kwa jicho. Fundi cherehani alikohoa. Kutbuddin alisema karatasi ikishapigwa muhuri ni muhuri. Nikamgeukia Mwalimu Badawi, nikamuuliza yeye aliyesoma asemaje. Thelathini na tisa akanyamaza.

Kichochoro kile cha nyuma kilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale tulipokaa. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Bi Mwanabaraka alingoja kidogo. Halafu akasema neno moja, akasema ahsanteni, kwa wengi, akarudi kwake.

Nisikufiche, sheria yangu ilipata sifa. Wazee wa mitaa miwili walikuja kuitazama milango yetu. Hapakupigwa mtu, hapakuvunjwa ndoo, kila mtu akijua nambari yake na zamu yake. Huko kwingine watu walitoana meno. Na hata katika siku zile mbaya, baraza yangu haikukosa kunyunyiziwa maji alasiri, vumbi likalala, harufu ya udongo mbichi ikatoka, watu wakaja kukaa kwangu. Walisema Faraj ana siri na ardhi. Nami nikawaacha waseme.

Siku ya sita au ya saba nikamkamata Ngumbao akitoka uani na kopo lake chini ya kanzu mbovu. Maji aliyoyakamua kwenye kamba, siku nzima, hayajajaza nusu kopo. Nikamuuliza yaenda wapi. Akasema yaenda mlango wa kijani. Akasema mimi si hewa, bwana? Hewa humegea amtakaye. Nikamnyang'anya lile kopo, nikasema kamba ni ya kisima na tone la kamba ni la kisima. Nikayarudisha ndani. Ngumbao aliondoka siku hiyohiyo, sijui alikwenda wapi, nikalazimika kuvuta kamba mwenyewe, mikono hii ikatoka malengelenge kama ya mtu aliyeshika makaa.

Baada ya hapo ndipo Bi Mwanabaraka alipoanza kuteka katika kile kisima kibovu cha nyuma ya magofu, ambacho babu zetu walikifunika kwa sababu vyoo viwili vilikaribiana nacho. Alilisogeza jiwe peke yake. Yale maji aliyachuja kwa kitambaa cha kofia. Kwa siku nne tumbo likamshika, la kutapika na kuendesha, na mtu mwenye ugonjwa ule anachohitaji ni maji, wala si dawa kubwa. Hilo hata mimi wa darasa la tatu nalijua. Mke wa Mwalimu alitaka kumpelekea nusu ya debe lake. Nilimkumbusha kwamba atakayemegea atatoka. Akalirudisha ndani.

Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Siku ya pili ya maziko, Taib, vuli likapiga. Mvua ilinyesha mpaka paa la Kutbuddin likaingia ndani na misumari ikaelea. Sasa barabara yote maji, watoto wanaogelea, na nambari zangu za chokaa zimechuruzika milangoni kama machozi ya wanja mweupe.

Wazee wamenijia juzi. Wanasema haya ya mwaka huu si ya mara moja, maneno ya mwalimu wako yamewafikia kupitia kwa Badawi, wanataka sheria yangu iandikwe kwa wino, itunzwe msikitini, ije itumike kiangazi kingine na kingine. Wameniomba mimi niandike. Nimeketi siku mbili na kalamu. Nimeandika Jirani ni, na hapo nimekwama, kwa hiyo nimechukua karatasi nyingine ndiyo hii ninayokuandikia wewe.

Nitakwambia nilichokiacha.

Alisema kweli. Nyumba ni arobaini. Siku ile ya chokaa nilipopita kichochoro cha nyuma, nilikuta mlango mdogo mweusi kwa masizi, nikauandika ishirini na tatu, na sikuujua. Naapa sikuujua. Miaka hamsini na mbili nimeishi nyumba ile na sijapata kuutazama mlango wa jikoni kwangu kwa nje, kwa sababu mwanamume hapiti huko. Lilikuwa kosa, kosa safi. Lakini jioni ileile Khairiya aliniletea chai akicheka, akaniambia, Faraj, umekuwa jirani wa nafsi yako, umeuandika mlango wa jikoni. Nami nilicheka naye. Nikachukua kitambaa kibichi niende kuufuta. Nilifika mpaka kizingitini. Halafu nikafikiri kwamba kesho nitalazimika kurudi mlango kwa mlango, kuanzia ishirini na tatu, kubadilisha kila nambari, na kila mtu atauliza kwa nini, na nitawaambia nini? Kwamba Faraj bin Athman haijui nyumba yake? Nikatundika kitambaa.

Kwa hiyo Bi Mwanabaraka aliposimama barazani, nilikuwa nimeshajua siku mbili.

Na lile debe la pili, la nambari ishirini na tatu, lilikuwa likija kila siku mlango wa jikoni. Sisi wawili tu ndani ya nyumba, hatukuwa na kazi nalo. Khairiya alinisihi tulipeleke mlango wa kijani kwa siri. Nikakataa, maana likionekana nimekiri. Basi ndilo nililokuwa nikinyunyizia baraza. Bi Mwanabaraka alikuwa akipita hapo kwenda kuuza kofia, na siku mbili tatu nilimwona akipunguza mwendo, akiutazama ule unyevu chini. Alikuwa na hesabu nzuri. Naamini alijua ni debe la nani.

Na kuna moja zaidi, hili hata Khairiya hakulijua. Alhamisi ile, baada ya adhuhuri, aliagiza niitwe. Nilikwenda nikidhani ataniomba maji, na nilikuwa nimeshaazimia kumpa, hivi ninavyokwambia nilikuwa na kichupa kwenye mfuko wa kanzu. Aliwaambia wanawake watoke. Alikuwa amekauka, Taib, midomo imepasuka kama matope ya pwani. Hakuomba maji. Alisema hana haja nayo tena. Alisema, Faraj, hapa tuko mimi na wewe, hakuna wa kumwonea haya, na mimi naondoka. Tuhesabu.

Tukahesabu. Yeye akiinua kidole, mimi nikitaja. Kwangu moja. Kwa nani mbili, kwa nani tatu. Kutbuddin kumi na mbili. Tukaingia kichochoro. Alikuwa akinifuata kwa macho kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Tulipofika mlango wa jikoni kwangu akakisimamisha kidole juu, akanitazama, akangoja.

Ulimi wangu ulikuwa mwepesi, sikushikwa na mtu. Hapakuwa na baraza, hapakuwa na wazee. Ilikuwa niuruke tu, niseme huo ni wangu, twende mbele. Na nilisema ishirini na tatu.

Akakishusha kidole. Hakunitazama tena, akaligeukia dari. Mimi nikaendelea kuhesabu peke yangu, sauti ikanitoka ileile ya barazani, mpaka nikafika kwake. Nikasema arobaini na moja. Nikavaa viatu nikatoka, na kichupa kingali mfukoni.

Hayo ndiyo mengine yote. Chakula cha huko usikichague, kula kinachopatikana, na swala usiziache. Ukiwa na wanaokuuliza habari za kwenu, waambie mvua imenyesha. Nilimsomea Khairiya barua hii alipokuja kutia mafuta taa. Alisikiliza mpaka hapo pa kidole, akatoka, na ameulaza mkeka wake chumba cha uani. Kwa hiyo salamu zinazokufikia kutoka nyumba hii ni za mtu mmoja.

Ni mimi ami yako,
Faraj bin Athman